Pacha wa Mama Geneviève

Marie-Louise aliingia kwa sinema ya Papa Byiringiro siku ya Mercredi, siku yenye hakuna filme, na hakukaa. Alisimama katikati ya mabenchi na kipochi yake chini ya kwapa. Akaangalia ukuta wa mabao, akaangalia télé mukubwa yenye walifunika na kitenge, akamuangalia Katungu mwenye alikuwa anafagia maganda ya karanga, kisha akaongea na Papa Byiringiro peke yake, sawa vile Katungu naye alikuwa ufagio.

"Papa Byiringiro, kwa heshima, mimi sikuje hapa kwa fujo."

"Mutu mwenye heshima haitangazake kwa mulango," Katungu alisema, akiendelea kufagia.

"Papa Byiringiro, unamusikia?"

"Ninamusikia, mama. Niko na masikio mawili, na leo yote mawili yananiuma."

"Basi mimi yananiuma miaka kumi na mbili! Kila Samedi huyu mwanamuke ananitukana kwa mikro yako. Batu wa Majengo wote wananiita Georgine. Kwa soko, Georgine. Kwa kanisa, Georgine. Juzi nilikuwa ninapigilia misumari kwa mulango wa kibanda yangu, mutoto mumoja wa miaka tano akaniona na marteau. Akakimbia akilia: Mama, Georgine anakuja kungoa nyumba yetu!"

Katungu alicheka mupaka ufagio ukaanguka.

"Unaona?" Marie-Louise alisema.

"Mimi sijataja jina ya mutu," Katungu alisema akijifuta macho. "Mimi ninasobanura filme. Kama filme inakuuma, mulamu wangu, enda ulalamike Amerika."

Mulamu ni wifi. Marie-Louise ni dada ya Kambale, marehemu bwana ya Katungu, na hilo neno mulamu kwa kinywa cha Katungu lilitoka sawa vile mutu anatema mbegu ya ndimu.

"Nitalalamika hapa hapa. Papa Byiringiro, unamujua Damascène, ule wa kutengeneza simu? Alisoma Kampala, Kiingereza anaongea hata akilala. Samedi atakuja. Filme itapita, huyu atasobanura, na Damascène atasema kama ni kweli ao ni uongo. Kama ni uongo, anaacha mikro, na Damascène anaichukua. Chef wa avenue anajua, na amesema ni vizuri."

Papa Byiringiro alitazama juu manjanja ya sinema yake, yale mabati ya paa, moja moja, sawa mutu mwenye anayaaga. Chef wa avenue ndiye mwenye anafunga na kufungua sinema.

"Kama chef anajua..." alisema.

"Samedi," Katungu alisema, mbele hajaulizwa. "Na mutu mwenye atachelewa, asikose kuleta benchi yake."

Marie-Louise alipotoka tu, Katungu akajua amefanya upumbafu. Juu kitu kimoja kilikuwa kweli, na Katungu alikijua kupita wote: yeye Kiingereza hajui. Anajua "yes", anajua "no", na anajua "my darling", yenye alidhani muda mrefu ni jina ya mwanaume.

Kwa Goma, kusobanura filme ni kazi. Mutu anakaa pembeni ya télé na mikro, sauti ya wazungu inapunguzwa, naye anasema kwa Swahili vile wao wanasema, na pahali wananyamaza anaongeza chumvi yake. Wengine wanasobanura vita, wengine karate. Katungu alikuja kwa sinema kufagia. Musobanuzi wa kwanza akaenda zake Bunagana na hakurudi, na siku hiyo mabenchi yalikuwa yamejaa. Papa Byiringiro akamutupia mikro sawa mutu anamutupia mwenziwe mutoto kutoka kwa moto. Katungu akasema. Watu wakacheka pahali alitaka wacheke. Hakurudisha tena ile mikro.

Filme zake zilikuwa kumi na tisa, zikiisha wanaanza upya, zote ndani ya flash moja yenye Papa Byiringiro alinunua Birere akidhani ni filme za vita. Ilikuwa filme za zamani, bila rangi, na mwanamuke mumoja tu kwa zote: Geneva Marlow, mwenye nyusi nyembamba na macho sawa mutu mwenye amesikia mulango unagongwa. Vijana walikimbia. Mama za Majengo na Mapendo walibaki. Wakamubatiza Mama Geneviève, na kila Samedi saa tisa walikuja na karanga zao na watoto mugongoni.

Shida ni kwamba flash ilipanga filme kwa alfabeti. Filme ya kwanza, Geneviève ako na miaka makumi ine. Filme ya pili, ako kijana, anakohoa, anakufa kwa kitanda nyeupe, na sinema yote ikalia mupaka mabenchi yakaloa. Filme ya tatu, huyu hapa, anashuka ngazi na sigara, anacheka.

Mama Mukamugema, mwenye kuuza maharagwe ya Kiwanja, alisimama juu ya benchi.

"Huyu si tulimuzika Samedi? Katungu! Mimi nilitoa machozi yangu hapa! Nirudishie machozi yangu!"

Sinema yote ikapiga makelele. Papa Byiringiro akashika kufuli. Katungu, na mikro kwa kinywa, aliangalia ule mwanamuke wa sigara, vile anatembea na mabega mbele, vile anatabasamu na meno ya chini, na akaona mutu mwenye anamujua.

"Tulieni," alisema. "Huyu si Geneviève. Ni pacha yake. Anaitwa Georgine. Na angalieni vizuri, juu huyu ndiye alimumaliza."

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Filme yenye mwanamuke analia, ni Geneviève, mbele ya kufa. Filme yenye anavuta sigara ao anavaa nyeusi, ni Georgine. Bwana ya Geneviève alikuwa Papa Robert. Kama Papa Robert ako na masharubu, vizuri. Kama hana, amenyoa. Kama ni mufupi kuliko Samedi iliyopita, ni ugonjwa. Na Georgine, kila mbele ya kutukana mutu, anasema "kwa heshima". Anatembea sawa bata mwenye anaumwa miguu. Na dhambi yake kubwa, yenye hakuna filme ilipita bila kuitaja, ni kwamba Papa Robert alipokufa, Georgine alikuja na marteau akangoa nyumba ya Geneviève, bao kwa bao, akaibeba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mabao ya kubebea mizigo.

Hakuna mutu alishangaa kama kule Amerika kuko chukudu. Marteau haionekane? Ameificha chini ya robe yake ndefu.

Sasa hii nyumba. Kwa wengine ilikuwa ya filme. Kwa Katungu ilikuwa na vyumba viwili na mulango wa buluu, Kiwanja, nyuma ya soko. Kambale aliijenga mwenyewe, na Kambale alikufa na ugonjwa wa maini. Siku ya tisa kisha kumuzika, Marie-Louise alifika na wanaume watatu wa familia na marteau ine. Hawakupiga kelele. Nyumba ya matofali inabakiaka na mwenye kulia, lakini nyumba ya mabao inabebeka. Saa sita nyumba ilikuwa imeisha. Katungu akabaki amekaa juu ya kitanda, kitanda juu ya udongo, mvua ikianza. Hakuzaa na Kambale, na Marie-Louise alimuambia neno moja tu kuhusu hilo: "Mwanamuke bila mutoto kwa nyumba ya ndugu yetu ni mugeni mwenye amekawia."

Katungu alienda kwa chef wa kule, akaambiwa ni mambo ya familia. Akaenda kwa kanisa, akaambiwa asamehe. Kisha vita ikatawanya Kiwanja, na majirani wenye waliona wakaenda kila mutu njia yake. Marie-Louise akajenga kibanda ya vitenge hapa Majengo. Ya mabao. Katungu aliipita mara moja, akaona pahali mulango wa buluu ulipakwa rangi ya kijani, na hakupita tena njia ile.

Kwa hiyo wacha watu waseme mikro ni kazi tu. Kwa Katungu ilikuwa pahali pamoja kwa dunia yote yenye alisema nyumba yangu ilingolewa, na watu mia moja wakajibu: woiii!

Siku ya Jeudi alienda kumuona Damascène.

Alimukuta kwa kiosque yake, ameinama juu ya simu yenye matumbo nje. Mwanaume wa miaka makumi tatu na kitu, mwenye miwani, na mwenye kusema kila kitu sawa anakusomea karatasi.

"Mama Katungu. Nilijua utakuja."

"Kama ulijua, mbona hukuweka kiti?"

Aliinuka akamupa yake. Katungu hakukaa.

"Wewe Damascène, nilikufanyia nini?"

"Hakuna. Lakini mama, unadanganya batu. Hakuna pacha! Nilisoma maisha yote ya ule mwanamuke wa filme. Mama Marie-Louise aliniomba niangalie jina yake tu. Nikaanza saa moja, nikashindwa kuacha. Unajua hata meno yake walingoa?"

"Meno?"

"Utasikia Samedi."

"Nani alingoa?"

"Samedi, mama."

Katungu alimuangalia.

"Na diplome yako ya Kampala iko wapi?"

"Bado."

"Bado ya mwaka gani?"

Damascène akarudi kwa simu yake. "Ilibakia travail ya mwisho tu ya kuandika."

"Eeh. Basi kamati ya waongo iko na mwanachama mupya," Katungu alisema, na akatoka akitembea kwa kichwa juu, mupaka kona, pahali aliketi juu ya jiwe.

Samedi saa tisa, sinema ilijaa mupaka watu walikaa juu ya madirisha. Habari ya vita ya mikro ilikuwa imefika hata Birere. Wanaume wenye hawajawahi kuangalia Geneviève walikuwa nyuma, wanatafuna muwa. Mama Mukamugema alikuwa benchi ya mbele, miguu wazi, kapu ya karanga kati. Marie-Louise alikaa benchi ya tatu, katikati, na robe nyeusi. Alivaa hiyo kwa makusudi ao kwa bahati mbaya, hakuna mutu alijua, lakini minong'ono ilipita kama moto kwa majani: Ameivaa! Ameivaa kabisa!

Filme ilikuwa ya kumi na tisa, ya mwisho kwa flash. Nyumba kubwa, meza ndefu, mishumaa. Mwanamuke amekaa huku, amezeeka kidogo, amevaa nyeusi. Kijana mwanaume amekaa kule.

Katungu alishika mikro.

"Mchana mwema Majengo," alisema. "Munamuona huyu? Ni Georgine. Amekaa kwa meza ya marehemu. Anakula sahani ya marehemu. Sasa anamuambia huyu kijana: kwa heshima, kesho asubui ulete chukudu..."

"Woiii!" sinema ikajibu.

"Simamisha," Damascène alisema.

Papa Byiringiro akasimamisha. Ule mwanamuke akabaki na kinywa nusu wazi.

Damascène alikuja mbele na karatasi zake, akageukia watu. Mwanzoni alisoma sawa mwalimu, na mwanaume mumoja nyuma akamuambia alale. Kisha akaacha kusoma, akaanza kuongea, na watu wakanyamaza.

"Huyu mama hakuitwa Geneva. Alizaliwa Hattie Grubb. Papa yake alikuwa anachinja nguruwe, pahali pa baridi sana. Mama yake akamutoa shule na miaka kumi na ine, anamupeleka kucheza ngoma pa kila pahali kuko mashindano. Mutu wa kampuni ya filme akamuona. Wakamuandikisha karatasi ya miaka saba. Jina yake, wakasema, iko na harufu ya nguruwe. Mutu mumoja wa ofisi alikuwa na liste ya majina, akamupatia moja."

"Kama kuku," Mama Mukamugema alisema.

"Kama kuku, mama. Wakasema sura ni ya mviringo sana: wakamungoa meno mawili huku na mawili huku, mashavu yaingie. Wakasema paji ni dogo: wakangoa nywele za mbele, moja moja, na umeme. Hakuwa na ruhusa ya kuolewa bila barua. Hakuwa na ruhusa ya kuzaa. Kama kampuni ingine ilimutaka, walimukodisha sawa pikipiki, na faida ilibaki kwa mwenye pikipiki. Kama alikataa filme mubaya, walimuachisha kazi bila mushahara, na miezi hiyo wakaiongeza kwa mwisho wa ile miaka saba. Miaka saba ikakuwa kumi na moja."

Hata wanaume wa nyuma waliacha kutafuna.

Katungu alikuwa amekaa pembeni na mikro kwa mapaja. Alitaka kumuchukia huyu kijana, na alikuwa anamuchukia, lakini masikio yake yalikuwa yamekimbilia upande wa pili.

"Aliolewa mara mbili. Bwana ya pili, huyo ndiye yeye alimupenda. Siku moja akaenda kucheza filme kwa jangwa, miezi tatu. Bwana na mama yake mwenyewe wakaketi, wakatia sinyatire kwa karatasi, wakauzisha nyumba yake. Akarudi na valizi yake ya nguo, akafungua mulango na ufunguo yake, akakuta familia ingine wanakula kwa meza yake."

"Mama yake mwenyewe?" mutu alisema.

"Mwenyewe. Akapeleka kampuni kwa tribunal juu ya ile karatasi ya miaka saba, akashindwa. Miaka miwili hakuna mutu alimuita kazi. Hii filme munaona ndiyo ya mwisho. Ako na miaka makumi ine na sita, na huyu kijana, anacheza ni mutoto yake, ako na makumi ine na tatu. Kisha hii, alitangaza sabuni. Alikufa kwa nyumba ya kupanga. Gazeti likaandika habari yake, na likaweka foto ya mwanamuke mwingine."

Damascène alikunja karatasi.

"Hakuna Georgine. Hakuna Papa Robert. Ni filme, na ni mutu mumoja. Mwenye mulimulilia na mwenye mulimutukana, ni mutu mumoja."

Mama Mukamugema aliacha kumenya karanga.

"Mutu mumoja?" Mama Mukamugema alisema polepole. "Miaka kumi na mbili ninamutemea mate mutu mwenye ninamupenda?"

Akageuka. Benchi zote zikageuka na yeye.

"Katungu!"

"Mama..."

"Nilimuombea yule mwingine misa! Misa, Katungu! Na nilimulaani huyu huyu njiani nikienda kwa hiyo misa!"

"Mwongo!" sauti ingine ikasema. "Mwizi wa machozi!" Ganda la karanga lilimupiga Katungu kwa shavu, kisha ingine, kisha kipande cha muwa chenye kilitoka nyuma na nguvu ya wanaume. Papa Byiringiro alikuja na mukono mbele yake, kiganja wazi, bila kumuangalia kwa macho.

"Mikro, mama. Usinipatishe shida."

Na Marie-Louise akasimama. Alinyoosha robe yake. Alikuwa na furaha yenye haikufichika, na hakujaribu kuificha.

"Kwa heshima," alianza.

Mutu akacheka. Akaendelea.

"Kwa heshima, batu wa Majengo, sasa mumesikia na masikio yenu. Miaka kumi na mbili munaniita jina ya mutu mwenye hayuko. Huyu mwanamuke ni mwongo tangu mbele. Ndugu yangu alimuokota, huyu hakumuzalia hata paka. Nataka aombe pardon hapa, kwa magoti, kisha atoke."

"Aombe!" wanaume wa nyuma wakasema. "Magoti!"

Katungu alisimama, lakini kwa magoti hakuenda. Alishikilia mikro na mikono miwili, na Papa Byiringiro alikuwa anaivuta na mbili zake, taratibu, sawa watu wawili wenye heshima wanagombania sahani ya mwisho.

"Ngoja," Mama Mukamugema alisema. "Ngojeni kwanza. Damascène."

"Ndiyo, mama."

"Hizi filme, uliona zote?"

"Zote kumi na tisa."

"Kuko yenye mutu anangoa nyumba? Na marteau, mabao, chukudu?"

Damascène alifikiri. Alikuwa mutu wa kufikiri hata kwa kitu chenye anajua, na hiyo Samedi ilikuwa baraka.

"Hapana, mama. Hata moja. Chukudu kule hakuna."

"Basi ile nyumba ilitoka wapi?" Aligeukia wenziwe. "Mimi ninauza maharagwe, sikusoma. Lakini nimekimbia vita mara tatu, nimeona nyumba inangolewa. Huyu Katungu anasemaka vile bao la mwisho linalia kupita ya kwanza, sababu linabaki peke yake. Hiyo haitungwake. Hiyo mutu alisikia." Akamuangalia Katungu, na haikuwa na huruma, ilikuwa hasira ingine, mupya. "Georgine hayuko. Sawa. Nani alingoa nyumba? Na ilikuwa ya nani?"

Papa Byiringiro aliacha kuvuta.

Miaka kumi na mbili Katungu alikuwa amesema hiyo habari kwa kinywa cha mwanamuke wa Amerika, na sasa walikuwa wamemufukuza ule mwanamuke. Alijaribu sauti yake ya filme, ikakataa. Sauti yenye ilitoka ilikuwa ndogo, na mikro ikaisikilizisha kila mutu.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Kiwanja, nyuma ya soko. Kambale aliijenga. Siku ya tisa kisha kumuzika."

"Nani?"

Katungu hakunyoosha kidole. Hakupata muda.

"Mabao yalikuwa ya ndugu yangu!" Marie-Louise alipiga kelele. "Ya ndugu yangu! Alinunua na jasho yake! Huyu hakuleta hata musumari! Mulitaka tuache mali ya familia kwa mugeni? Ni desturi! Hapa ndani nani hajui desturi?"

Akashika kinywa, lakini neno lilikuwa limeisha kutoka.

"Ni desturi kweli," mwanaume mumoja wa nyuma alisema.

"Kwa sheria, hapana," Damascène alisema.

"Sheria ya Kampala?"

"Ya hapa, papa. Bibi ya marehemu hafukuzwe kwa nyumba."

"Wewe tengeneza simu!"

"Na mama yako," Mama Mukamugema alimuambia ule wa nyuma bila kugeuka, "papa yako akikufa leo, utaenda na marteau?"

Hapo mabenchi yakapasuka. Huyu anasema desturi, huyu anasema shetani. Mwanamuke mumoja alisimama akasema yeye walimuachia sufuria moja, tena yenye tundu. Mwingine akasema yeye hata hiyo sufuria walibeba. Mume wa mutu akaambiwa anyamaze, akanyamazisha wengine. Mutu akauliza kwa sauti kibanda ya vitenge ya Marie-Louise ilijengwa na mabao gani, na swali hilo likazunguka sinema yote bila kupata mutu wa kulijibu. Marie-Louise alikuwa bado amesimama. Kipochi chake kilikuwa kifuani, amekishika sawa mutoto.

"Damascène," alisema, "waambie. Nilikuita useme kweli."

"Nimesema, mama," Damascène alisema. "Yote yenye nilijua."

Papa Byiringiro, mwenye aliogopa chef, lakini aliogopa zaidi mabenchi yake kuvunjika, alikimbia kwa télé. "Filme iendelee! Filme! Mukae, filme inaendelea!" Akabonyeza.

Meza ndefu ikarudi. Mishumaa ikaanza tena kutikisika. Watu wakakaa kidogo kidogo, wakinung'unika, sawa maji yenye wametoa kwa moto. Ule mwanamuke wa nyeusi alinyoosha mukono juu ya meza, akamuangalia yule kijana, akasema kitu. Hakuna mutu alimusobanulia. Mikro ilikuwa bado kwa Katungu.

"Musobanuzi!" mutu akaita.

"Yupi?" mwingine akauliza.

Papa Byiringiro alimuangalia Damascène, akamuangalia Katungu, kisha akaangalia manjanja yake.

Katungu aliinama upande wa Damascène. Hakupunguza uso wake wa hasira, lakini aliuliza, mara ya kwanza tangu flash ilitoka Birere.

"Anasema nini?"

"Anaomba chumvi," Damascène alinong'ona.

"Chumvi?"

"Chumvi tu, mama. Anasema, nipe chumvi."

Katungu alimuangalia ule mwanamuke. Meno mine walimungoa. Nyumba wakaiuza. Na hapa, miaka yote, alikuwa anaomba chumvi. Akainua mikro.

"Anasema," Katungu alisema, "Marie-Louise atoke."

Hakuna mutu alicheka. Marie-Louise alingoja kidogo, akitafuta uso mumoja wenye utamuangalia, kisha akaanza kutoka. Benchi ya tatu ilikuwa na watu tisa, na yeye alikuwa katikati. Hakuna hata mumoja alirudisha magoti ili apite.